Kima Aliyeugua kwa Niaba Yetu

Wanaozungumza hapa nimewaunda mimi. Wanachokizungumza sikukiunda: mnyama yupo, misitu ipo, sindano za chanjo zilichomwa, na watoto wa bonde la Kilombero waliochomwa miaka ya 1990 leo ni watu wazima wenye watoto wao. Nimewaketisha barazani Ifakara, jioni, kwa sababu hapa ndipo hoja hii inapouma. Yuko Bibi, muuguzi mstaafu aliyekaa wodi ya watoto zaidi ya miaka thelathini. Yuko Mwalimu wa baiolojia. Yuko Daktari, mtafiti wa chanjo, binti wa jirani ambaye Bibi alimshika mkono akizaliwa. Na yuko Mjukuu, aliyekuwa miongoni mwa vijana wa kiume waliokubali, mwaka 2012 huko Bagamoyo, kuingizwa vimelea vya malaria mwilini kwa makusudi. Mimi nimekaa pembeni, na nitasema pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Wanachobishania ni kima mdogo wa misitu ya Amerika ya Kusini, asiyezidi sana uzito wa kilo moja. Kwa zaidi ya nusu karne ameambukizwa malaria ya binadamu ili sisi tupate dawa na chanjo. Je, ilikuwa haki?

MWALIMU: Shikamoo, Bibi. Komba unamjua?

BIBI: Marahaba. Nisimjue vipi? Nimekulia Pangani, baba yangu mgema. Komba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja tembo kila alfajiri kabla baba hajapanda mnazi.

MWALIMU: Basi mchukue komba huyo akilini, kisha umwondolee masikio. Waliompa kima wa usiku jina la kisayansi walimwita Aotus, yaani asiye na masikio, kwa kuwa masikio yake yamezama kwenye manyoya. Mpe uso wa mviringo, mistari mitatu myeusi inayoshuka kwenye paji, na viraka viwili vyeupe juu ya macho kama nyusi za mzee. Macho yenyewe ni makubwa, ya kahawia, kama ya bundi. Lakini damu yake si ya komba. Komba ni ukoo mwingine. Huyu ni kima kamili, na katika kima wote wa dunia, wa kwetu na wa kwao, ndiye peke yake anayeishi maisha yake usiku. Tena ukimmulika tochi macho yake hayawaki kama ya komba, maana hana ule utando wa nyuma ya jicho unaorudisha nuru. Hutegemea ukubwa wa jicho tu, na mwezi. Usiku wa mbalamwezi ndio usiku wake wa kutembea.

BIBI: Anakaa wapi?

MWALIMU: Kuanzia Panama mpaka kaskazini ya Argentina. Mchana hulala ndani ya tundu la mti au katikati ya mimea itambaayo iliyosongana, baba, mama na watoto wawili watatu, wamebanana. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto akizaliwa, mama humnyonyesha, kisha humwachia baba. Baba ndiye mbebaji. Kuanzia wiki za mwanzo kabisa mtoto yuko mgongoni kwa baba, kwa mama anakwenda kunyonya tu. Huko Formosa, Argentina, mtafiti Eduardo Fernandez-Duque amekuwa akizifuata familia hizi tangu 1996. Yeye na wenzake walipopima damu ya watoto 35 walikuta kila mmoja ni wa baba yuleyule anayembeba. Wote 35. Na mmoja wa wazazi akifukuzwa na mvamizi, aliyebaki huchelewa kupata uzao mwingine. Ndoa yao ikivunjika ina gharama. Sasa mtu anapokwenda na wavu kwenye tundu la mti mchana, anakusanya nyumba nzima.

DAKTARI: Mwalimu, umeanza na baba mwenye huruma ili sisi wengine tuonekane hatuna.

MWALIMU: Nimeanza na mnyama, Daktari. Katika vitabu vyenu mnaanza na vimelea.

DAKTARI: Basi niruhusu nianze na vimelea, maana bila hivyo huyu kima asingejulikana nje ya msitu wake. Malaria inayoua watoto wetu inaletwa na kimelea kinachoitwa Plasmodium falciparum. Kina majivuno yake: hakikubali kuishi ndani ya panya, wala mbwa, wala nyani wetu wa porini. Kinataka damu ya binadamu. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu aliyetaka kujua kama dawa inafanya kazi alikuwa na njia mbili: wagonjwa wenyewe, au sokwe, ambaye naye ilibidi mara nyingi aondolewe bandama kwanza. Mwaka 1967 Quentin Geiman na Margaret Meagher wakaonyesha kwamba kimelea hiki kinashika kwenye kima wa usiku. Kinazaliana, kinamletea homa na upungufu wa damu, na kinaweza kumuua. Mwaka mmoja kabla, wengine walikuwa wameonyesha hivyohivyo kwa malaria ya vivax. Maabara zikafunguka. Meflokwini, dawa iliyotengenezwa wakati klorokwini inaanza kushindwa, ilipimwa kwa kima hawa kabla ya kupewa watu.

BIBI: Sema na lile la damu, mwanangu. Uliniambia siku ile nikashindwa kulala.

DAKTARI: Mwaka 1976, New York, William Trager na James Jensen walifanikiwa kwa mara ya kwanza kukifuga kimelea hiki kwenye kichupa, ndani ya damu ya binadamu, bila kukoma. Kila siku tatu nne waliongeza damu mpya. Waliongeza mpaka kile cha mwanzo kikawa kimezimuliwa zaidi ya mara milioni mia moja, na bado vimelea viliishi. Tangu hapo karibu kila dawa mpya ya malaria imepimwa kwenye vichupa vya namna hiyo. Na kile cha mwanzo, Bibi, tone la kwanza kabisa, lilitoka kwenye mishipa ya kima mmoja wa usiku aliyeambukizwa.

Palikuwa kimya kidogo. Nami niseme kwamba katika yote niliyoyasoma juu ya mnyama huyu hakuna lililonikaa kama hilo. Trager na Jensen tunawajua kwa majina. Kima yule ametajwa kwa jina la jamii yake tu.

BIBI: Sasa mnisikilize na mimi. Nyinyi mnazungumza kwa vitabu. Mimi nilikuwa wodini. Masika ikishika, Kilombero ikajaa, tulikuwa tunalaza watoto wawili kitanda kimoja, wengine watatu, na mama zao chini kwenye mkeka. Mtoto analetwa kwa mtumbwi, kisha kwa baiskeli, amefungwa mgongoni mwa mama, na mama hajui kama aliyembeba bado yu hai. Wengine walikuja na hirizi shingoni maana nyumbani wameambiwa ni degedege, ndege amempitia juu. Sikuwahi kuwagombeza. Ukimwona mtoto anavyokakamaa, macho yakageuka juu, na wewe ungetafuta ndege wa kumlaumu. Viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi, damu ya kumwongezea hakuna, mjomba anakimbizwa benki ya damu, anarudi kundi halilingani. Na klorokwini tuliyokuwa tunawapa ilikuwa imechoka. Tuliijua imechoka miaka kabla serikali haijaibadilisha mwaka 2001. Tuliwapa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kabatini. Kwa hiyo, Mwalimu, baba kima anayebeba mtoto wake nimemsikia na nimemwonea huruma. Lakini nami nimewaona baba wakibeba. Walikuwa wanabeba kurudi nyumbani, na shuka juu.

MWALIMU: Bibi, hilo sina la kulijibu.

BIBI: Basi usilijibu. Lihesabu tu.

DAKTARI: Na hesabu haijafungwa. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 597,000 walikufa kwa malaria, asilimia 95 Afrika, na kati ya hao wa Afrika robo tatu ni watoto chini ya miaka mitano.

MWALIMU: Sizipingi namba hizo. Ninachouliza ni kwa nini alipe yeye. Wataalamu wa vinasaba wanatuambia kwamba falciparum alitokea Afrika, kwa gorila wa misitu ya magharibi ya bara hili, akahamia kwa binadamu. Alifikaje Amazonia? Alifika ndani ya damu ya Waafrika waliofungwa minyororo melini. Watu wetu waliibwa, na ugonjwa ukaibwa pamoja nao, ukavushwa bahari. Kima wa usiku hakuwahi kuujua kabla ya hapo. Karne kadhaa baadaye anafuatwa msituni, anachomwa ugonjwa wa bara lingine, ili apone mtoto asiyemjua. Bibi anasema nihesabu. Ninahesabu. Na hili nalo liingie kwenye hesabu.

MJUKUU: Mwalimu, kwani aliyepelekwa melini alikuwa amekubali?

MWALIMU: Hakukubali. Ndiyo maana sisi, katika watu wote, tulitakiwa kuwa wa kwanza kuuliza habari za asiyeulizwa.

Nilitegemea Daktari atamrukia hapo. Hakumrukia. Alimimina chai, akamwongezea Bibi, na aliporudi kwenye mazungumzo alirudi kwa njia ya Kilombero.

DAKTARI: Tuzungumze kilichotokea hapahapa. Manuel Elkin Patarroyo, Mkolombia, alitengeneza chanjo ya malaria kwa kuunganisha vipande vya protini kikemia. Aliiita SPf66. Mwaka 1987 alichapisha matokeo ya kwanza, na waliokingwa katika matokeo yale walikuwa kima wa usiku. Baadaye wakaja watu wa kujitolea wa Colombia. Kisha ikaletwa kwetu, kijiji cha Idete, kwa sababu mtu aliyetaka kujua kama chanjo inahimili malaria ya kweli ilibidi aje ilipo malaria ya kweli. Watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano walipata sindano zote tatu, wengine chanjo, wengine sindano bandia ya kulinganishia. Matokeo yakatoka 1994: kinga ya asilimia 31.

BIBI: Mnaisema thelathini na moja kama kitu kidogo. Siku tuliyoambiwa tulikumbatiana. Kwetu sisi ilikuwa na maana kwamba katika vitanda kumi, vitatu vitabaki na shuka safi.

DAKTARI: Najua, Bibi. Lakini ilipopelekwa Gambia kwa watoto wachanga ikatoa asilimia 8, ambayo kwa takwimu ni sawa na hakuna. Thailand ikawa hakuna kabisa. Ikarudi tena Ifakara kwa wachanga, hakuna. SPf66 ikafa. Na mimi ninayemtetea mtafiti nalisema hili mwenyewe kabla Mwalimu hajanisemea: kima walikingwa, watoto hawakukingwa.

MWALIMU: Asante kwa kuwa mkweli. Sasa niseme kilichoendelea kule baada ya sisi huku kusahau. Patarroyo hakuacha. Alisema atatafuta chanjo nyingine, na kituo chake cha Leticia kikaendelea kuhitaji kima. Leticia ni mji wa Colombia kwenye ukingo wa Amazon, pale nchi tatu zinapokutana: unavuka barabara uko Brazil, unavuka mto uko Peru. Waliokuwa wakiwaleta kima ni wanavijiji wa mtoni, watu maskini, wengi wa makabila ya wenyeji, waliokuwa wakilipwa kwa kichwa. Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Mwindaji anautafuta mti wenye tundu wanamolala. Anakata miti yote inayouzunguka, ili familia ikitoka isipate tawi la kurukia. Kisha anauzungushia wavu, anapanda, anawatoa. Kwa familia moja ya wanyama wanne, kipande cha msitu kinalala chini.

MJUKUU: Na Peru je? Umesema ukivuka mto uko huko.

MWALIMU: Hapo ndipo Ángela Maldonado alipoingia. Ni mwanasayansi wa Colombia, mtafiti wa nyani na kima, na Amazonia ndiyo kazi yake. Yeye na wenzake wakafuatilia vijiji vya pande zote tatu za mpaka, wakachapisha mwaka 2009 kwamba kima wa usiku wanavushwa kwa maelfu bila karatasi zinazotakiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Kibali kilikuwa cha aina ya Colombia, Aotus vociferans. Wanaovushwa kutoka Peru walikuwa pia wa aina ya pili, Aotus nancymaae. Kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa urahisi, lakini mmoja ana kromosomu 46 na mwingine 54. Si mnyama mmoja.

DAKTARI: Na hilo, Mwalimu, ni la kisayansi pia, si la sheria tu. Mpaka 1983 tulidhani kima wa usiku wote ni aina moja. Philip Hershkovitz ndiye aliyewagawa mwaka huo, kundi la shingo ya kijivu na kundi la shingo nyekundu, na ikaonekana kwamba hawaupokei ugonjwa kwa namna moja. Kabla ya hapo maabara zilichanganya wanyama, matokeo yakapishana, na wanyama wengine waliumwa bure kabisa, bila kutufundisha lolote. Hili huniuma kuliko yote. Kufa kwa ajili ya jibu ni kitu kimoja.

BIBI: Na mahakama ilisemaje?

MWALIMU: Novemba 2013, Baraza la Dola la Colombia, ambalo ni mahakama ya juu kwa mambo ya utawala, lilibatilisha vibali vya kukamata kima. Baadaye uamuzi mwingine ukalegeza. Lakini kesi ile iliandikwa, na kilichoandikwa kipo.

DAKTARI: Nisije nikamwacha marehemu Patarroyo aonekane mwizi wa wanyama tu. Mtu huyu alitoa haki za chanjo yake kwa Shirika la Afya Duniani bure, wakati kampuni zingemlipa. Alitaka mtoto maskini apate. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba yuko ukingoni mwa jibu, na mtu anayeamini hivyo huona kila kizuizi ni adui wa watoto.

MWALIMU: Sina shaka na nia yake. Ninauliza kuhusu mti.

Hapa sikuweza kunyamaza. Nikawaambia kwamba neno linalotumika mara nyingi kuhalalisha wavu ule ni neno moja: Afrika. Watoto wa Afrika. Sisi ndio tunaotajwa. Miti ya Leticia imekatwa kwa jina la Idete. Na sijasikia mtu wa Idete aliyewahi kuulizwa kama anakubali jina lake litumike hivyo. Nikasema siamini kwamba mama wa Kilombero angekataa kima mmoja augue ili mwanawe apone. Angekubali, na mimi ningekubali. Lakini siamini vilevile kwamba angekubali mnyama atolewe msituni bila hesabu, kwa magendo, pale ambapo angeweza kuzalishwa.

DAKTARI: Anaweza kuzalishwa. Iquitos, Peru, wanazalishwa tangu miaka ya 1970, pale nchi za Amerika ya Kusini zilipoanza kuzuia kima wao wasiuzwe nje. Bastrop, Texas, wanazalishwa. Tatizo ni fedha na subira. Panya anakupa watoto kila baada ya wiki chache. Kima wa usiku huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na lazima umtafutie mwenzi anayemkubali, na baba alee. Kumzalisha ni ghali. Kumkamata ni bei ya chakula cha mwindaji cha siku chache. Ukiuliza kwa nini wavu haukuisha, jibu ni hilo, hakuna siri.

MWALIMU: Kwa hiyo ule ubaba wake ndio unaomfanya awe ghali bandani na rahisi kukamatwa msituni.

DAKTARI: Ndiyo. Umesema kweli.

BIBI: Mimi nataka kujua jambo lingine. Hiyo miaka yote, nani aliyewaondoa watoto kwenye vile vitanda vyangu? Maana vilipungua. Niliona kwa macho. Nilistaafu nikiwa na vitanda vitupu wakati wa masika, jambo ambalo nilipoanza kazi ningedhani ni ndoto.

MWALIMU: Vyandarua, Bibi. Vyandarua vyenye dawa, hapahapa Kilombero na Ulanga, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa watu wa Ifakara ulionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo, uhai uliongezeka kwa asilimia 27. Kisha dawa mseto mwaka 2006. Kipimo cha haraka cha kidole. Hakuna kima katika chandarua.

DAKTARI: Katika chandarua hakuna. Katika dawa mseto, vichupa vya Trager vipo, na kima yupo ndani ya vichupa. Huwezi kumtoa, Mwalimu. Alishaingia.

MWALIMU: Simtoi. Nasema imetosha.

MJUKUU: Naomba na mimi. Mnanizungumza bila kunitaja. Mimi nilichomwa. Si kwa mbu; vilikuwa vimelea vilivyosafishwa na kugandishwa kwenye baridi kali, vikayeyushwa, vikachomwa ndani ya ngozi ya mkono. Kabla ya hapo nilisomewa karatasi nyingi, nikaulizwa maswali kuona kama nimeelewa, nikaambiwa naweza kuondoka siku yoyote. Nikasaini. Kisha tukakaa, tunatolewa damu, tunasubiri. Kichwa kikaanza kuuma, mifupa ikawa kama imepondwa, na vimelea vilipoonekana tu kwenye darubini nikapewa dawa. Nikapona. Bibi hakunisemesha kwa mwezi mzima.

BIBI: Nilikuwa nimewafunga macho watoto wengi kwa ugonjwa huo. Halafu wangu anaufuata kwa miguu yake.

MJUKUU: Niliufuata kwa ajili yao haohao, Bibi. Na nilichotaka kusema ni hiki: kama mimi naweza kulala kitandani nikaumwa na nikasaidia, kima wa nini? RTS,S, chanjo ya kwanza kupitishwa, mwaka 2021, njia yake ilifunguka kwa watu. Katika jaribio lile lililochapishwa 1997 walikuwa watu saba wa kujitolea waliopata ile chanjo iliyofanya kazi, wakaumwa na mbu wenye malaria, sita wakakingika. Watu. Walisaini.

DAKTARI: RTS,S inapigana na kimelea kabla hakijavamia chembe za damu, kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana: umeugua au hukuugua. Kwa swali hilo mtu kama wewe anatosha. Lakini chanjo ninayoishughulikia mimi ni ya damu, ile inayozuia kimelea kisivamie chembe nyekundu. Hiyo nataka kuijua inapigana vipi vimelea vikishakuwa vingi. Wewe vilipoonekana vichache tu tulivizima, na tulipaswa kuvizima. Hakuna kamati ya maadili itakayoniruhusu nikuache. Kwa kima waliviacha viendelee.

MWALIMU: Umesema kila kitu katika sentensi hiyo, Daktari.

DAKTARI: Nimesema, na sijaificha. Sasa sikiliza kilichofuata. Kuna chanjo inayolenga protini inayoitwa RH5, ambayo kimelea kinaitumia kuingia kwenye chembe ya damu. Matokeo yake kwa kima wa usiku yalichapishwa 2015: walikingwa, hata dhidi ya aina ya kimelea tofauti na ile iliyotengenezea chanjo. Ndiyo iliyotupa ujasiri. Ikaja Bagamoyo, kwa watu wazima, kwa watoto, kwa wachanga, na ajabu ikawa kwamba wachanga walitoa kinga ya damu kubwa kuliko wote. Kisha Burkina Faso, 2024, watoto: asilimia 55 katika miezi sita. Safari hii kima hakutudanganya.

MWALIMU: Na hao kima wa RH5 walikuwa wangapi? Maelfu?

DAKTARI: Makumi.

MWALIMU: Basi umenijibu mwenyewe. Makumi walitosha kuonyesha njia, na makumi wanaweza kuzaliwa bandani, wakahesabiwa mmoja mmoja, wakaandikwa. Maelfu ya Leticia yalikuwa ya nini?

Daktari hakujibu. Nadhani si kwa kukosa la kusema. Ni mtu anayejua tofauti ya swali linalotaka jibu na swali ambalo jibu lake limeshatoka.

Bibi alikuwa ameegemea ukuta, mikono mapajani, viganja juu, kama anavyokaa tangu alipoacha kazi. Mjukuu ana binti wa miezi minane. Alikuwa ndani amelala, chini ya chandarua, na kila baada ya muda Bibi alitega sikio.

BIBI: Mwanangu Daktari. Hiyo chanjo yako, itawafikia na wachanga wa huku?

DAKTARI: Natumaini, Bibi. Kuna majaribio mengine yatakayokuja kabla.

BIBI: Na wakija, watamtaka huyu aliye ndani.

DAKTARI: Wataomba. Wazazi watasaini kwa niaba yake.

BIBI: Basi wewe, mjukuu wangu, umpeleke. Sitakunyamazia safari hii. Lakini kabla ya kusaini uwaulize: kima waliopimwa nao chanjo hii walitoka wapi? Walizaliwa bandani, au walitolewa kwenye mti?

DAKTARI: Fomu haina sehemu ya swali hilo, Bibi.

BIBI: Aliandike pembeni, juu ya sahihi yake. Na jibu aandikiwe hapohapo.